Vita gani ilikula watu wengi zaidi nchi hii? Kijiweni wanasema Kagera, mimi nina mashaka

Fundi Saa (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Leo kijiweni kwetu Ilala kumetokea ubishi tangu saa nne asubuhi mpaka chai imepoa. Ni hivi, kuna mzee mmoja tunakaa nae pale, baba yake alikua mgambo akaenda Uganda ile 79, basi amekomaa kabisa kwamba hakuna vita iliyoiumiza nchi hii kama ya Nduli Idi Amin, yani Kagera. Mimi nikamwambia mzee umeisahau Majimaji, ile ya kumpinga Mjerumani 1905 mpaka 1907? Akacheka, akasema Majimaji ni watu wachache wa Kusini walioamini maji yatazuia risasi, Kagera ndo nchi nzima ilipigana. Mimi nikashikilia langu, yeye lake, mwisho tukawekeana kreti moja ya soda.

Sasa naomba wenye data mnisaidie. Tukihesabu roho tu, hela tuweke pembeni, ni vita gani iliondoka na watu wengi zaidi? Majimaji, ile ya Mjerumani na Mwingereza ya 14 mpaka 18, ya Hitla, au Kagera?

Alafu kuna kiswali cha pili ambacho ndo kilileta ugomvi wenyewe. Mtu aliyekufa kwa njaa baada ya mapigano kupita, anaingia kwenye hesabu ya vita au haingii? Mzee anasema njaa ni njaa na vita ni vita, nisimchanganyie mambo. Karibuni.

Mpiga Debe Mstaafu

Mkuu hiyo soda nenda kachukue mapema kabla haijapata moto. Kagera kwa idadi ya watu ni ndogo mno. Hesabu inayotajwa sana ya askari wetu waliokufa ni 373, na kati yao waliokufa kwenye mapigano yenyewe ni 96 tu, waliobaki wengi ni ajali. Ongeza raia wa Kagera kama 1,500 waliouawa kipindi jeshi la Amin limekalia eneo letu mwishoni mwa 1978. Jumla haigusi hata 2,000.

Majimaji sasa. Mjerumani mwenyewe, ambae hana sababu yoyote ya kujichafua, alikubali 75,000. Wanahistoria wetu walioenda vijijini kuongea na wazee miaka ya sitini wamefika 250,000 mpaka 300,000. Na kumbuka Tanganyika nzima wakati ule inakadiriwa ilikua na watu milioni 4 hivi, wakati sensa ya 1978 ilitukuta milioni 17 na nusu. Yani hata ukichukua ile ndogo ya Mjerumani, ni mtu mmoja kati ya kila 53. Kagera ni mmoja kati ya 9,000 na kitu. Hapo ubishi uko wapi?

Kyaka Darajani

We Mpiga Debe unahesabu watu kama magunia ya mkaa. Sikatai namba zako, ila ngoja nikwambie kitu kuhusu hizo namba.

Mimi ni mtoto wa Kyaka, huku Kagera. Mwaka 78 nilikua na miaka saba. Tulivyokimbia mama alijitwika kichwa cha cherehani, kile cha juu tu, meza akaiacha, mdogo wangu mgongoni, mimi nimeshika pindo la kanga yake nimeambiwa ukiachia umekwisha. Tulivuka daraja tukiwa na watu wengi mpaka huoni unakanyaga nini, wengine wanaswaga ng'ombe, kuna mtu alikua na kuku kwenye tenga anamwambia kila mtu apishe. Babu alikataa kuja. Alisema kazi ya kukimbia aliishaimaliza ujanani, na mbuzi atamwachia nani. Siku chache baadae, tarehe 3 Novemba, wale jamaa wa Amin wakalilipua daraja, aliyebaki ng'ambo akabaki huko.

Tuliporudi mwaka uliofuata nyumba haina bati hata moja, milango wamebeba, mpaka miti ya boma la ng'ombe imeng'olewa. Babu hatukumkuta, na mpaka leo hatujui alilala wapi.

Sasa angalia hesabu yako vizuri. Askari ni 373. Raia ni 1,500. Hujiulizi kwa nini ya askari haina sifuri mwishoni na ya raia inazo mbili? Askari kila mmoja alikua na namba, kikosi, na jina la wa kupelekewa taarifa nyumbani. Nenda Kaboya kule Muleba ukaangalie ule mnara mweupe, majina yamepangwa, zaidi ya mia nne, tena yanapita hata hiyo hesabu yako ya kitabuni. Babu yangu yeye yuko kwenye hizo sifuri. Kwa hiyo mwambieni mzee wa kijiweni hajakosea sana, kuna watu vita ile iliwamaliza, ila kweli kwa wingi Kagera haiwezi kushindana na Majimaji, hapo nakubali.

Mpiga Debe Mstaafu

Pole sana kaka. Sikua na nia mbaya, na hilo la sifuri limenigusa, sikuwahi kuliwaza hivyo.

Mtani wa Wangoni

Mmenifungulia mlango wenyewe sasa mtanivumilia, maana Songea nimekaa miaka 11 na kila tarehe 27 Februari nilikua naenda pale makumbusho.

Kwanza hili la kusema watu walikufa kwa kuamini maji liachwe. Lilianza kwenye pamba. Mjerumani alilazimisha kila eneo liwe na shamba la pamba la pamoja, unalima chini ya kiboko, malipo kiduchu, na shamba lako la chakula linaliwa na nguruwe wakati wewe uko kwenye pamba. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakang'oa ile miche. Maji ya mganga Kinjikitile pale Ngarambe yalichofanya ni kuwaunganisha watu ambao jana yake walikua hawasalimiani, na yeye mwenyewe walishamnyonga tarehe 4 Agosti 1905, vita ndo kwanza inachanganya. Kwa hiyo si suala la ujinga wa watu wa Kusini, mzee aache hiyo.

Pili, wachache gani? Imetoka Matumbi ikaenda Ungindo, Mahenge, Upogoro, Ungoni, Ubena. Pale Mahenge tarehe 30 Agosti watu kwa maelfu waliiendea boma ya Mjerumani yenye bombomu, bunduki za rashasha, huku wanaiona kabisa.

Sasa nakuja kwenye swali lako la njaa Fundi Saa, maana hapo mzee wako amekosea kabisa na hapo kreti ni yako. Kwa Majimaji njaa haikuja baada ya vita. Njaa ndo ilikua silaha. Wajerumani waliona watu wameshaacha kushambulia boma, wamejificha maporini wanavizia, na Gavana von Götzen hana askari wa kuwakimbiza milima yote ile. Kuna ofisa wao aliandika waziwazi kwamba ni njaa na dhiki tu vitakavyowafanya watu hawa wasalimu amri. Ndo wakaanza kupita kijiji kwa kijiji, maghala yanachomwa, mashamba yanafyekwa mazao yakiwa mabichi, mbegu zinabebwa, na anayekutwa analima anapigwa risasi. Sasa mtu aliyekufa 1907 akiwa anachimba mizizi porini utasema huyo amekufa na njaa tu? Aliyechoma ghala lake ni nani?

Na ukitaka kujua watu waliisha kiasi gani usiangalie makaburi, angalia pori. Eneo kubwa la Ungindo lilibaki bila mtu, msitu ukarudi, mbung'o wakarudi, tembo wakashika mashamba, na Mwingereza alipokuja akakuta nyika tupu akatangaza hifadhi ya wanyama. Ndo Selous hiyo, ambayo sehemu yake kubwa siku hizi ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii wanalipa hela nyingi kuja kuona pori ambalo halijaguswa. Halijaguswa na nani bwana! Kulikua na watu pale, wanalima mtama.

Upande wa Mjerumani walikufa Wazungu 15. Kumi na tano, hakuna sifuri, ndugu yangu wa Kyaka ameona mbali. Na pale Songea siku ile ya Februari 1906 walinyongwa wazee wa Kingoni zaidi ya 60, hao majina yapo, yameandikwa, kwa sababu aliyenyonga aliweka orodha. Nduna Songea Mbano yeye kichwa chake inasemwa kilipelekwa Ujerumani na familia bado inakisubiri. Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi na akaahidi watasaidia kukitafuta. Nilikua mbali siku hiyo ila niliangalia kwenye simu ya mwenzangu mpaka chaji ikaisha.

Mwana Mtunya

Safi sana mtani, ila wote mnaruka vita ambayo kwa maoni yangu ndo inaweza ikaipita hata Majimaji, ya 1914 mpaka 1918. Tatizo lake haina mwenyewe. Majimaji ni yetu, Kagera ni yetu, ile walipigana Wazungu juu ya migongo yetu kwa hiyo hakuna anaeisherehekea.

Fundi Saa upo Ilala, toka hapo kijiweni tembea mpaka Kariakoo. Hilo jina unadhani limetoka wapi? Ni kambi ya wapagazi wa Mwingereza, Carrier Corps, yani keria koo, watu wakatamka wanavyoweza, na Nairobi wanalo lao hivyohivyo. Vita ile haikua na barabara, farasi na ng'ombe wanakufa kwa mbung'o, kwa hiyo risasi, unga, dawa, mpaka viti vya maofisa, vyote vilipita kwenye kichwa cha mtu. Ili askari mmoja awe mbele unahitaji wapagazi kadhaa nyuma, na hao nao wanahitaji wa kuwabebea chakula chao. Mwingereza peke yake alichukua watu wanaofika milioni moja kutoka Afrika Mashariki na nchi za jirani. Waliokufa kwa orodha zake mwenyewe ni zaidi ya 40,000, na watafiti wengi wanataja 95,000 na kuendelea. Risasi iliua wachache. Waliua kuhara damu, malaria na vichomi. Mtu amezoea ndizi au mtama, unampa unga wa mahindi wa kukoboa ovyo, hana sufuria ya maana, kuni zimelowa mvua, anakula ugali mbichi wiki tatu, utumbo unakatika. Na hao ni wa Mwingereza. Wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, aliyezunguka nao mpaka Msumbiji na kwenda kusalimu amri Abercorn (Mbala ya Zambia siku hizi) Novemba 1918, hakuna aliyewaandika, wengi walichukuliwa kijijini na kamba shingoni.

Sasa turudi kwenye njaa. Mimi ni Mgogo, kwetu kuna njaa inaitwa Mtunya. Mwaka 1916 jeshi la Mjerumani limepita Ugogo limekusanya ng'ombe, nafaka na vijana, likaondoka, likaja la Mwingereza nalo likakusanya vilivyobaki. Kisha mvua zikagoma. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa Ugogo peke yake kabla haijaisha 1920. Bibi yangu alizaliwa katikati yake. Alikua akitusimulia dada yake mkubwa alivyopelekwa kwa watu wa upande wa Kilosa, wakapewa mtama, makubaliano ni kwamba mvua zikirudi atakombolewa. Mvua zilirudi, aliyemkabidhi alikua ameshakufa, hakuna aliyekumbuka ni nyumba ipi. Bibi mpaka anafariki alikua hapimi mtama kwa debe, anachota kwa mikono tu. Tulikua tunamcheka bila kujua.

Na juu ya hapo mwishoni mwa 1918 ikaingia homa kubwa ya mafua, ikapita njia zilezile za meli, reli na askari wanaorudi, ikaondoka na makumi ya maelfu wengine. Haya, Mpiga Debe, jumlisha.

Mpiga Debe Mstaafu

Nimeweka kalkuleta chini mkuu.

Jogoo la Shamba

Mbona mnasahau vita ya Hitla? Babu yangu alikua Keya, askari wa KAR ya Mwingereza, alifika Bama (Burma). Alirudi na koti la jeshi na malaria, koti ndo lililodumu zaidi.

Mwana Mtunya

Hatujaisahau Jogoo, ila kwa vifo vya watu wetu ni ndogo ukilinganisha na ile ya kwanza. Tanganyika ilitoa vijana zaidi ya 80,000, wakaenda Ethiopia, Madagaska, Bama, wengi sana wakarudi. Safari hii jeshi lilikua na magari, na dawa za malaria zilikua bora kuliko 1916. Kilichouma ni matukio kama la meli ya Khedive Ismail, ilitoka Mombasa Februari 1944 imejaza wanajeshi, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, Mjapani akaipiga torpido karibu na Maldivi ikazama dakika chache tu, wakafa karibu watu 1,300 kwa mkupuo.

Mtani wa Wangoni

Naongezea kidogo kwa Mwana Mtunya. Ukienda pale sanamu ya Askari, Posta, mnara umewekwa 1927, una maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Umewataja wapagazi kwamba walikua miguu na mikono ya jeshi, na unasema ukifa ukipigania nchi yako watoto wako watalikumbuka jina lako. Zunguka ule mnara pande zote utafute jina hata moja la mpagazi. Mimi nilizunguka mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Alafu panda daladala nenda makaburi ya vita barabara ya Bagamoyo, jiwe kwa jiwe, cheo, tarehe, umri. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza hayo makaburi ilikiri yenyewe kwamba kuna watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambao hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kati ya 116 na 350 jamani, hapo katikati panaingia mkoa mzima.

Kyaka Darajani

Na mimi niongeze kwa upande wangu ili nisionekane nalia peke yangu. Ukihesabu roho usihesabu za upande mmoja. Jeshi letu lilipoingia Masaka Februari 79 liliipiga ile mji kwa hasira ya yale waliyoyaona Kagera, mpaka leo Waganda wenyewe wanakwambia. Askari wa Amin walikufa kama elfu moja, Walibya waliotumwa na Gaddafi nao mamia, wengi hawakujua hata wako nchi gani. Na Majimaji vilevile, wale askari waliokua wanachoma maghala hawakutoka Berlin, wengi walikua Waafrika wenzetu.

Kuhusu baada ya vita, Mwalimu alituambia tufunge mkanda miezi 18. Mkanda ule ulifungwa miaka. Foleni ya sabuni, unga wa yanga ule wa njano, kufulia majani ya mpapai, wa umri wangu wote mnajua. Sasa mtoto aliyekufa zahanati 1981 kwa sababu dripu haipo, huyo ni wa vita, wa bei ya mafuta, au wa siasa zetu wenyewe? Hapo mimi naona mzee wa kijiweni ana hoja kidogo, lazima uweke mstari mahali. Lile ghala la Mtani limechomwa na mtu mwenye kibiriti, anaonekana. Dripu ya 1981 ina wahusika watano wanasukumiana.

Mwana Mtunya

Hapo nakubali, mstari uwe kwa aliyechukua chakula au aliyemchukua mkulima. Mtunya inaingia, mafua yanaingia nusu, dripu siiweki. Kwa mstari huo ya 14 mpaka 18 na Majimaji zinakabana koo, Kagera iko mbali sana.

Fundi Saa

Wakuu nimerudi. Nimewasomea uzi wote kijiweni kuanzia juu mpaka chini, simu imepita mikono mitatu. Pale kwa dada wa bibi yake Mwana Mtunya muuza kahawa aliacha kumimina.

Mzee alisikiliza kimya, habishi. Nilipomaliza akasema sawa, kwa namba nimeshindwa. Akatoa hela ya soda papo hapo. Alafu akaniuliza, baba yake alirudi Uganda mzima, hana hata mchubuko, ila toka siku aliyorudi hakulala tena ndani ya nyumba. Alikua analala uani kwenye kiti, ameegemeza mgongo ukutani, mvua ikinyesha anasogea tu barazani. Mpaka alipofariki 86. Akasema, huyo kwenye hesabu zenu mmemweka wapi.

Sikua na jibu. Soda tumekunywa wote, yeye yake hakuifungua.

Kyaka Darajani

Mpe pole zangu mzee. Muulize baba yake alikua kikosi gani, na kama anataka kupanda huku Kagera siku moja tutaenda nae Kaboya. Afikie kwetu tu, mama bado yupo, na cherehani kipo anashonea mpaka leo, meza tulichonga nyingine.